Shilingi 95,000 na wiki 10 za mazoezi: je, nimtoe binti yangu kwenye mchezo wa skuli?

Swali:

"Assalaam alaykum, Mwalimu. Binti yangu ana miaka 9, yuko darasa la nne katika skuli binafsi hapa Chake Chake. Skuli imetuletea barua kwamba watoto 60 watafanya mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, wa saa moja. Kila mzazi atoe shilingi 95,000: nguo 35,000, spika na jukwaa 30,000, fulana na picha 15,000, vitafunio na usafiri wa walimu 15,000. Mazoezi ni siku tatu kwa wiki, saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi kuanzia saa tatu mpaka saa sita, kwa wiki 10. Binti yangu amefurahi mpaka halali, ingawa nafasi kubwa hakupewa, yumo katika wale wa kuitikia. Babaake hataki. Anasema chuo cha Qur'ani kitakufa, mtihani wa darasa la nne uko mbele, na isitoshe hizo ni ngoma tu. Mama mkwe naye anasema mtoto wa kike hapandishwi jukwaani. Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp wamegawika: anayelalamika anaitwa bakhili, anayelipa anaitwa mjinga. Barua yenyewe inasema sanaa huongeza akili ya mtoto. Nina watoto wengine wawili skuli hiyo hiyo, na karafuu mwaka huu hazikuzaa. Nilipe? Nikimtoa nitamvunja moyo? Na mtoto wa kuitikia tu anafaidika na nini?"

Jibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mwalimu mstaafu aliyefundisha watoto nyimbo na michezo ya kuigiza, Unguja na Pemba, miaka mingi. Mara ya pili niliisoma na kalamu mkononi, nikipiga hesabu, na hizo hesabu ndizo zilizonikalisha kitako.

Wazazi wanagombana juu ya zile 95,000 kwa sababu ndizo zinazoonekana. Lakini katika mchezo wa watoto fedha ndiyo kitu laini kuliko vyote. Unaweza kuikata zaidi ya nusu na hakuna mtazamaji atakayejua. Kigumu ni muda. Muda ukipunguzwa ovyo mchezo unavunjika, na ukiachiwa ovyo unamla mtoto. Nilichokiona mara nyingi ni mzazi kulipa fedha zote kimya kimya kwa kuona haya, kisha akamkosesha mtoto mazoezi kila siku ya pili kwa sababu ya chuo, harusi, safari ya Unguja. Huyo amepoteza vyote viwili, na amewapotezea watoto wa wenzake. Mimi nakushauri uigeuze kazi: kwenye fedha bishana, kwenye muda fanya uamuzi mmoja mapema na ushikamane nao.

Tuanze na muda. Siku tatu za saa tatu tatu ni saa 9. Jumamosi ni saa 3 nyengine. Hizo ni saa 12 kwa wiki, na kwa wiki 10 ni saa 120, kwa mchezo wa saa moja wa watoto wa miaka 9. Nyingi mno. Mimi nilizoea kumaliza kazi kama hiyo kwa saa 45 hadi 50: jioni mbili za saa moja na robo, Jumamosi saa mbili, na nyongeza kidogo wiki ya mwisho ya kuupitisha mchezo mzima na nguo zake.

Sasa hizo saa sabini za ziada zinakwenda wapi? Zinakwenda chini ya mwembe. Najua kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe miaka yangu ya mwanzo. Mwalimu anawaita watoto wote 60 kila siku. Anaanza na onesho la wavuvi, ambao ni wanane. Wale 52 waliobaki wanakaa kivulini wanangoja, na mtoto anayengoja hakai kimya: anakimbia, anapiga kelele, anagombania maembe mabichi. Saa kumi na moja wanapoitwa waitikiaji, wameshachoka, koo zimekauka, wanaimba vibaya. Mwalimu anaona hawajui, anaongeza siku. Ndivyo mazoezi marefu yanavyozaa mazoezi marefu zaidi, na mwisho wake wazazi wanaambiwa watoto hawana bidii.

Dawa yake ni karatasi moja ya ratiba, inayosema kila siku ni onesho gani linafanyiwa kazi na ni watoto gani wanatakiwa, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Mtoto wa kuitikia kama binti yako, nionavyo, hahitajiki zaidi ya jioni mbili na Jumamosi moja kwa wiki, tena si mpaka saa kumi na mbili. Karatasi hiyo haigharimu hata senti. Mwalimu akiwa hanayo, usimlaumu, mwombe aitengeneze. Wengi hawajawahi kuoneshwa.

Lakini huko kujifunza kidogo kidogo kusiharibiwe. Wimbo unaingia kwa mtoto kama sura inavyoingia chuoni: aya chache leo, alale, arudie kesho, kesho kutwa asahihishwe, wiki ijayo arudishe za nyuma. Usingizi wa katikati ni sehemu ya kazi. Ndiyo maana mtoto akikosa wiki mbili hawezi kufidia kwa kuja siku tano mfululizo. Na kuna jambo la miguu ambalo wazazi hawalioni. Mtoto hajifunzi maneno tu, anajifunza asimame wapi, ageuke lini, ampishe nani. Anayajua hayo kwa kumtazama jirani yake. Jirani akiwa hayupo leo na kesho, pengo lile linamchanganya wa kulia na wa kushoto, na siku ya mchezo utawaona watatu wamegongana badala ya mmoja.

Kuhusu chuo, babaake hakukosea. Siku tatu kwa wiki kwa wiki 10 ni siku 30 za chuo zinazokatwa, na hata mimi nisingekubali. Lakini mazoezi yakiwa mawili na yakaisha saa kumi u nusu, hesabu inabadilika, maana hapo mtoto anachelewa, hakosi. Mwendeeni ustadhi wake kabla ya mazoezi kuanza, babaake aende mwenyewe ikiwezekana. Katika miaka yangu yote maustadhi waliokuwa wakali ni wale waliopata habari kwa watoto. Walioendewa mapema walipanga zamu, na mmoja Wete alinisahihishia hata matamshi ya wimbo. Na hapa niseme siri moja ya kazi: watoto waliosoma tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qur'ani, ndio waliokuwa rahisi kwangu kuwafundisha. Wanajua pumzi inakatwa wapi, na herufi inatoka sehemu gani ya mdomo. Nilikuwa nikiwaambia, "Someni kama chuoni," na ukumbi mzima unasikia kila neno.

Sasa hiyo kauli ya "ngoma tu". Sikatai kuwa familia zina mipaka yake. Suala la dini la ala za muziki na mtoto wa kike mbele ya watu silitolei hukumu mimi. Muulizeni mnayemwamini kwa elimu. Ila ni vyema muulize juu ya mchezo wenyewe ulivyo, na si juu ya neno "ngoma". Mchezo wa watoto unaweza kufanywa kwa sauti na dufu pekee, na nguo za stara kama wanazovaa chuoni wakisoma maulidi Mfungo Sita. Mama mkwe wako pengine anaona picha ya bendi na taa za rangi. Mpelekeni siku moja akatazame mazoezi. Nimewahi kumwona bibi mmoja aliyekuja kumtoa mjukuu wake akaishia kumsahihisha mwalimu namna ya kupiga kigelegele.

Wanaosema jambo hili ni la kigeni wamesahau kwao. Bibi zetu wakitoa hadithi, "Paukwa!" "Pakawa!", katikati ya kisa paliwekwa wimbo, na sisi watoto tukiitikia. Huo ulikuwa mchezo wa nyimbo bila jukwaa. Na hapa Pemba kuna kibati: watu wanajibizana maneno ya papo kwa papo, haraka haraka, ngoma ikipigwa na waimbaji wakipokea kiitikio. Hakuna aliyetuletea hayo kwa meli. Na ile halaiki tunayoitazama kwenye sherehe za Mapinduzi kila Januari, watoto wanaofanyishwa mazoezi juani mpaka mistari inyooke, ni muda kiasi gani ule? Hatujawahi kuuita upuuzi, kwa sababu tuliona maana yake. (Nami nilikuwamo utotoni. Nilisimama mstari wa nne na sikuona chochote isipokuwa kisogo cha mwenzangu.)

Kuna upotofu mwengine, na huu umo ndani ya barua ya skuli. "Sanaa huongeza akili." Maneno haya yanauza vizuri, ila msilipe kwa ajili yake. Uvumi huo ulipata nguvu kwa jaribio la mwaka 1993 katika University of California, Irvine. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu, watu wazima, walisikilizishwa muziki wa Mozart kisha wakapewa mafumbo ya maumbo. Walifanya vizuri zaidi, na athari ile haikuzidi robo saa hivi. Hawakuwa watoto, hawakuimba, na haikudumu. Lililo karibu zaidi na letu lilifanywa Toronto na Glenn Schellenberg, likachapishwa 2004. Alichukua watoto 144 wa miaka 6 akawagawa: wengine kinanda, wengine kuimba, wengine kuigiza, wengine wasipewe somo lolote, kwa wiki 36. Waliosoma muziki walipanda kidogo kwenye kipimo cha akili kuliko wenzao, pointi chache tu. Wale wa kuigiza hawakuwazidi wenzao kwa akili, lakini wao ndio waliobadilika katika kukaa na watu: tabia zao kwa wengine zilikuwa nzuri zaidi.

Mimi hilo la pili halikunishangaza hata kidogo. Mtoto anayeigiza analazimika kumsubiri mwenziwe amalize, kumtazama usoni, kukumbuka kwamba watu 59 wanamtegemea. Lakini wiki 36 si wiki 10, na Toronto si Chake. Akikwambia mtu kwamba binti yako atatoka na alama nzuri za hesabu, mwambie ahsante. Tarajia kitu kidogo na cha kweli: mtoto anayeweza kusimama mbele ya watu akasema sentensi nzima bila kutafuna kidole.

Na hapo ndipo swali lako la kuitikia lilipo. Wazazi wanahesabu mistari ya maneno. Hesabu dakika za kuwa jukwaani. Mtoto aliyepewa nafasi ya Sungura anaingia, anasema, anatoka, anakaa nyuma ya pazia akinywa maji. Mwitikiaji yuko pale karibu muda wote: anaimba kila wimbo, anasikiliza kila neno ili ajue apokee lini. Nilikuwa na watoto wa kuitikia walioujua mchezo mzima, nafasi zote, kuliko waigizaji wakubwa. Mmoja akiugua, tulimtoa mwitikiaji na mchezo ukaendelea. Kwa mtoto mwenye haya, kuitikia ndiko mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu sauti yake inabebwa na za wenzake mpaka azoee. Kama binti yako halali kwa furaha, yeye ameshaelewa jambo ambalo watu wazima wa WhatsApp hawajalielewa. Ila chunga lugha nyumbani. Ukisema "wa kuitikia tu" mbele yake, lile "tu" ndilo atakalolichukua.

Tuje kwenye fedha. 95,000 mara 60 ni shilingi 5,700,000. Nguo peke yake ni 2,100,000, spika na jukwaa 1,800,000. Fulana na picha 900,000, vitafunio na walimu 900,000.

Kitakachokatwa kwanza ni fulana. Fulana haichezi. Ni kumbukumbu, na anayeitaka ainunue kwa hiari. Nguo za kushonwa maalumu nazo zinashangaza: huvaliwa saa moja, kisha zinawekwa kabatini mpaka mtoto amezidi kimo chake. Hadithi ya wavuvi na wakulima inavaliwa na vilivyomo majumbani mwetu: kikoi, kanga za mama, kanzu ya chuo, kofia. Vifaa vya jukwaani ni dema la kuvulia samaki, pakacha, ungo na jamvi. Skuli inunue kitu kimoja tu kitakachowaunganisha watoto, mfano kitambaa cha rangi moja kichwani au shingoni. Jicho la mtazamaji hufuata rangi; mshono halioni.

Spika ndizo zinazonipa shaka. Watoto 60 wakiimba pamoja uani hawahitaji maiki. Wapange wawe na ukuta mgongoni mwao ili sauti irudi mbele, watazamaji wakae karibu kwa nusu duara juu ya majamvi, na utazame upepo: uwatoke watoto uwaendee watazamaji. Anzeni saa kumi, baada ya sala ya alasiri, mmalize jua lingalipo, na taa hazitahitajika. Wasimulizi wawili wapewe maiki moja moja. Spika kubwa zina dhara lake pia: mtoto akisikia muziki unamzidi, anapiga ukelele kuushinda, na nyuzi za sauti za mtoto ni fupi na laini, zinavimba upesi. Kosa jengine la namna hiyo hiyo ni mwalimu wa kiume kuanzisha wimbo kwa kina cha sauti yake. Watoto wanashuka naye shimoni na wanaanza kukoroma badala ya kuimba. Aanzishe mtoto mmoja mwenye sauti safi, wengine wamfuate.

Kile ambacho mimi singekigusa ni vitafunio na usafiri wa walimu. Wazazi wengi wangeanza kukata hapo, kwa kuwa mwalimu "yupo kazini". Hayupo kazini saa kumi jioni wala Jumamosi. Anaacha watoto wake, anapanda gari mbili kurudi kwao. Mtoto naye mwenye njaa haimbi. Ukiweka vitambaa 5,000, spika ndogo 10,000, walimu na vitafunio 15,000, na akiba 5,000 kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hawana, unapata 35,000. Sisemi hizo ndizo bei za dukani leo, nakuonesha namna ya kufikiri. Ombeni pia ilipwe mara mbili au tatu. Pemba fedha za nyumba nyingi zinakwenda na msimu wa karafuu, na skuli iliyoko Chake inalijua hilo.

Ulizeni kitu kimoja zaidi: hadithi na nyimbo ni za nani? Kama walimu wametunga wenyewe au wamechukua kisa cha zamani cha Sungura na Fisi, hakuna gharama. Kama ni mchezo maarufu wa nje, wenye haki zake hutaka malipo ya leseni kabla ya kuonesha, na barua yenu haikutaja kitu hicho. Kama wamechukua nyimbo za watunzi wa hapa, ofisi ya hakimiliki, COSOZA, ndiyo ya kuulizwa. Nimeona mchezo ukisitishwa wiki ya mwisho kwa jambo hili, fedha za nguo zimeshaliwa.

Na wewe binafsi usipokuwa nazo hata hizo zilizopunguzwa, mwendee mwalimu mkuu faragha, umwambie kiasi unachoweza na siku. Jitolee kazi: kushona vitambaa, kupika mandazi ya Jumamosi, kukaa na watoto mazoezini. Skuli zinahitaji mikono kuliko mnavyodhani. Nakwambia hili kwa sababu ya jambo nililolifanya ambalo bado linaniuma. Katika skuli moja niliyofundisha tuliwasomea watoto majina mstarini asubuhi, waliolipa na wasiolipa. Tuliona tunawahimiza wazazi. Kijana mmoja wa darasa la tano, sauti nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo mwaka ule, alisikia jina lake upande wa pili. Hakurudi mazoezini, na siku ya mchezo alikaa nje ya ukuta akiimba nyimbo zote. Skuli yenu ikifanya hivyo, pingeni siku hiyo hiyo. Mtoto asiadhibiwe kwa mfuko wa mzazi.

Kumtoa je? Unaweza kumtoa, wala hatavunjika moyo milele, kama utafanya kwa wakati na kwa maneno ya kweli. Mpaka wangu ni wiki ya pili, kabla maonesho hayajapangwa miguu na zamu. Mwambie sababu yenyewe: "Mwaka huu fedha hazikutosha," au "Chuo na mchezo haviwezi kwenda pamoja." Usimsingizie kwamba hana sauti, wala usimwambie mchezo ni mbaya ilhali wenziwe wanaucheza. Mtafutieni pa kuimba pengine, hata kama ni kasida chuoni. Baada ya wiki ya pili ukimtoa unawatoa na wengine, na hapo mimi ningevumilia mpaka mwisho. Na jambo moja nakuomba sana: mchezo usiwe fimbo. "Ukipata alama mbovu hutakwenda mazoezini" ni adhabu inayompiga mtoto mmoja na wenziwe 59 wasio na kosa.

Mtihani wa darasa la nne ni hoja nzito, na jibu lake ni kalenda tu: mchezo uishe angalau mwezi mmoja kabla. Skuli ikiwa imeupanga ndani ya mwezi wa mtihani, babaake ana haki na mimi niko naye.

Kuna mambo ambayo karatasi na barua hazitoshi, inabidi kwenda kwa mtu. Sauti ya mtoto ikikwaruza na isirudi baada ya wiki tatu, hata kama hana mafua, apelekwe hospitali aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Wasiwasi wa jukwaani wa kawaida, moyo kwenda mbio, mdomo kukauka, tumbo kuchafuka asubuhi ya mchezo, ni mwili unajiandaa, na hupungua mtoto akishaanza kuimba. Lakini akianza kutapika kila siku ya mazoezi, kukojoa kitandani alikokwisha kuacha, au kukataa skuli kabisa, usimlazimishe kwa kumwita mwoga. Keti naye peke yake umuulize nani anamfanya nini huko. Mazoezi ya watoto yawe na watu wazima wawili wakati wote, mmoja awe mwanamke, na asiachwe mtoto kurudi peke yake giza likiingia. Ukisikia jambo la kukutia hofu, piga 116, simu ya kusaidia watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto la polisi. Hilo halisubiri kikao cha wazazi.

Kundi la WhatsApp liacheni kwanza. Tafuteni wazazi watatu, mmoja wa kila upande na wewe, mwende kwa mwalimu mkuu mkaombe karatasi mbili: ratiba ya mazoezi kwa onesho, na mchanganuo wa bajeti. Mazoezi yakianza mtoto wako aende pamoja na wenziwe, maana mpaka wa wiki ya pili utakuwa bado haujapita. Ukishazipata karatasi hizo niandikie tena, na hasa nitajie hizo 1,800,000 za spika na jukwaa zinakodiwa nini, kwa siku ngapi, maana uani pale mimi sioni jukwaa la bei hiyo litasimama wapi.